Nembo ya Kuzumi Shigezo

Sipendi mtu anisimamie nikiwa nachapa picha kwa vibao vya mbao. Kazi yetu inataka mkono uliotulia na akili isiyo na wageni. Mtu akisimama nyuma yako anapumua, rangi inakauka kwenye ubao kabla hujalaza karatasi. Nilimwambia hivyo Shigezo siku ile ile alipohamia chumba cha pili kutoka changu, katika nyumba zetu za safu nyuma ya majumba ya maigizo, hapa Asakusa, mjini Edo. Akainama, akaomba radhi kwa adabu zote, na kesho yake akarudi kusimama pale pale. Ikawa hivyo kwa miaka minane.

Kusema kweli sikumfukuza kwa nguvu. Tangu mke wangu afariki na binti yangu aolewe huko Osaka, siku nyingine sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa kikohozi cha Shigezo mlangoni. Nilikuwa namnunia, namwambia aniondokee mwanga, halafu namsogezea mto wa kukalia kwa mguu.

Alikuwa mwigizaji. Ujanani mwake jina la Kuzumi Shigezo liliandikwa kwenye mbao za mlangoni, na picha zake zilining'inizwa madukani pamoja na za wakubwa. Moja niliichapa mimi mwenyewe: kakunja uso, kashika upanga, wekundu chini ya macho. Tulitoa karatasi elfu mbili. Kisha akaugua koo, sauti ikaondoka isirudi, na mwigizaji asiye na sauti katika mji wa Edo kazi yake ni moja tu, anaingia ndani ya farasi. Wanaingia wawili chini ya kitambaa, mmoja miguu ya mbele, mwingine ya nyuma. Shigezo alipewa ya nyuma. Wanawake wa kisimani walimwita Bwana Makalio, naye aliitika bila kinyongo.

Aliyempanda farasi huyo, mara nyingi, alikuwa Ogiwara Kinsho. Hawa wawili walisoma kwa mwalimu mmoja, wakala chungu kimoja, na kuna wakati watu walibishana nani kati yao atakuwa mkubwa. Kinsho akawa mkubwa. Akawa mkubwa sana, mpaka nembo yake, bata bukini watatu ndani ya duara, ikachorwa kwenye vitana vya nywele, pepeo za mkono na vikombe vya chai. Basi kila msimu Kinsho akakaa juu ya mgongo akipigiwa makofi, na Shigezo akawa chini yake gizani, kainama, kamshika kiuno mwenzake wa mbele. Sijawahi kumsikia akimsema vibaya Kinsho. Mimi ndiye niliyemsema, kwa niaba yake.

Kinsho alikufa mwezi wa tatu, maua ya mcheri yakiwa bado mitini. Kabla hajazikwa, Kihei mwenye duka la picha alishafika kwangu na vibao sita mgongoni. Picha ya msiba haingoji, kwa sababu machozi ya watu yana siku zake. Na picha hiyo ina lugha yake, ambayo hata muuza mboga anaisoma: vazi la samawati iliyopauka, tasbihi mkononi, tawi la mti wa makaburini, yungiyungi pembeni, halafu tarehe, umri, jina jipya alilopewa marehemu na hekalu, na shairi lake la kuagia. Kihei alitaka nakala zake zilize kuliko za wenzake. Kwa hiyo vazi halikuwekewa nembo ya wino. Nembo ilichongwa peke yake kwenye kibao cha sita, kibao cha chapa kavu.

Chapa kavu haina rangi. Unalaza karatasi yenye unyevu juu ya kibao kitupu, unaweka kiwiko, unashusha uzito wa mwili mzima. Mchoro unavimba ndani ya karatasi na hauonekani mpaka mtu aiinamishe kwenye mwanga. Hapo ndipo bukini watatu walipotokea kifuani pa Kinsho, wakiwa na samawati ile ile ya vazi. Nilisikia wanawake wakiinamisha karatasi mlangoni kwa Kihei na kulia kwa sauti. Nilitoa elfu tatu, kiwiko changu cha kulia kikavimba kama kiazi.

Shigezo alisimama nyuma yangu siku zote hizo. Siku ya mwisho aliomba karatasi moja, akaiinamisha dirishani, akaitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza, kwa ile sauti yake iliyobaki pumzi tupu:

"Mzee Isaburo, mimi nikifa, nani atanichapa?"

"Muulize Kihei. Yeye ndiye anayechapa wafu wanaouzika."

"Sikumuuliza Kihei. Nimekuuliza wewe."

"Kwanza ufe, ndugu yangu, halafu tuongee."

Akacheka, mimi nikadhani yameisha. Kesho yake akaja na karatasi iliyokunjwa vizuri: umri wake, jina la hekalu lake, na shairi. Aliniambia hataki sifa na hataki kuuzwa dukani. Alitaka tu, siku watu wakikusanyika kwa ajili yake, kila mmoja aondoke na kitu mkononi cha kuonyesha kwamba ndani ya farasi yule alikuwamo mtu, na mtu huyo alikuwa yeye. Aliyasema hayo akitazama vidole vya miguu yake. Mimi nikiguswa moyo huwa nakuwa mkali. Nikamwambia sawa, nitakuchapa, sasa niondokee mwanga. Shairi lake nililisoma alipokwisha kutoka.

*Ndani ya farasi,
nasikia makofi
yanapita juu.*

Majira ya majani kuanguka yalipofika, kile kikohozi cha mlangoni kilihamia kitandani. Nilimpelekea uji wa mchele na tunda lililotiwa chumvi, nikakaa naye, nikamchora uso. Mimi si mchoraji, lakini mwenyewe alikuwa hana budi kutulia, na pua yake ile kubwa iliyopinda ilinisaidia. Aliniambia nisiipunguze. Chumbani mwake hamkuwa na picha yake hata moja ya kunakili. Zote ziliteketea kwenye moto mkubwa wa mwaka tunaouita wa nguruwe pamoja na nusu ya mtaa, na zangu pia. Hata lile vazi lake rasmi la jukwaani lilikuwa limeshauzwa zamani.

Nilikwenda kwa Kihei. Alinisikiliza kwa tabasamu, akaniuliza kama ninazungumzia nusu ya mbele au nusu ya nyuma. Nikarudia ombi langu. Mwisho alikubali kuniazima vibao vya Kinsho, kwa sababu mauzo yalikuwa yamekufa na vilikuwa vinangoja kupigwa randa vichongwe upya. Nikavipeleka kwa Yasoji mchongaji, ng'ambo ya mfereji. Kutoa kichwa cha mtu kwenye ubao na kupandikiza cha mwingine ni jambo la kawaida kwetu. Waigizaji wengi mnaowaona madukani wana miili ya wenzao, na hakuna anayelalamika. Yasoji alikata kichwa cha Kinsho kwa patasi, akakata jina na shairi, akagongomea vipande vya mcheri vilivyokaa bila kupitisha hata unywele, akachonga juu yake ile pua. Aliichonga vizuri kuliko nilivyoichora. Vibao vya rangi hakuvigusa, kwa kuwa vazi ni vazi, na samawati ya msiba ni ile ile kwa kila maiti.

Nilitaka Shigezo aione kabla. Wengine wangesema ni uchuro, lakini mwigizaji amezoea kujiona akifa. Asubuhi niliyokwenda kuchukua vibao kwa Yasoji, nilirudi navyo mgongoni nikawakuta majirani wamesimama mlangoni kwa Shigezo. Mwanamke wa chumba cha kwanza akaniambia amekwenda taratibu, hakumsumbua mtu. Nilibaki nimesimama na vibao mgongoni, nikashindwa kujua niviweke wapi.

Hekalu lilichelewa kutoa jina lake jipya mpaka siku ya tano. Yasoji akalichonga na tarehe usiku huo huo, na siku ya sita nikachapa, maana siku ya saba ndiyo ya kumwombea. Karatasi sitini, kwa karatasi yangu mwenyewe, ile nzuri. Wino kwanza, mistari yote. Kisha rangi ya ngozi, kisha kijani cha tawi, kisha rangi ya yungiyungi. Kila mara kona ya karatasi kwenye alama yake, brashi, gundi kidogo ya mchele, kisugulio mviringo mviringo, inua. Samawati niliipaka ikiwa imekolea mabegani, nikaifuta kidogo kidogo hadi ikapotea kwenye pindo, kazi ambayo sikumfanyia hata Kinsho.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Mwanga wote ulikuwa wangu. Nilijikuta nasimamisha mkono nasubiri kikohozi, na kisipokuja naendelea, na baada ya karatasi tatu nne nasimama tena. Sikulia. Nilifanya kazi tu, mkono ukawa unaenda wenyewe, kibao hiki, kibao kile, mpaka vikaisha. Nikazipanga karatasi chini ya ubao mzito, nikalala na nguo zangu.

Asubuhi nilisukuma dirisha. Jua la msimu ule huingia chini chini kutoka ubavuni, likatambaa juu ya karatasi ya kwanza, na kifuani pa Shigezo wakainuka bukini watatu ndani ya duara.

Nikaketi. Nikachukua ya pili, ya tatu, ya thelathini. Zote. Vibao vilikuwa sita tangu mwezi wa tatu, na mikono yangu ilihesabu sita. Kiwiko changu, kile kile kilichowahi kuvimba, kilikuwa kimemvisha Shigezo vazi la Kinsho bila kuniuliza. Ningeweza kuilowesha karatasi na kuisugua mpaka uvimbe ukalala, lakini samawati ile inatokana na maua, haistahimili maji, vazi zima lingeondoka. Karatasi nyingine sikuwa nayo, na kengele ya hekalu ingelia kabla ya adhuhuri. Miaka yote mtu yule alimbeba Kinsho mgongoni akiwa hai, na sasa nampeleka mbele za watu akiwa amembeba kifuani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nijifunze kushika kisugulio.

Nilifikiri kutokwenda na kitu. Halafu nikakumbuka jinsi alivyotazama vidole vya miguu yake. Nikazifunga karatasi kwenye kitambaa, nikaenda.

Njia nzima nilijiandaa kutukanwa. Watu wa maigizo nembo kwao ni jina. Kumvisha mtu ya mwenzake ni tusi, na tena ya nani. Niliwaza nani ataona kwanza, atapaza sauti namna gani, na mimi nitainama chini kiasi gani. Nilishaamua nitasema ni kosa langu, Yasoji hakuhusika.

Walikuja watu kumi na mmoja. Mwenye nyumba, muuza tofu, wanawake wanne wa kisimani, wazee watatu wa jumba la maigizo, mlinzi wa mlango wao, na Bunta, kijana mnene wa miguu ya mbele. Mtawa alisoma haraka kwa kuwa alikuwa na msiba mwingine. Baada ya ubani nikasimama kwenye ngazi, juani, nikampa kila mmoja karatasi kwa mikono miwili, nikatazama chini, nikangoja.

Mwenye nyumba akasema pua imetoka vizuri. Muuza tofu akaikunja mara nne akaitia kwenye mkono wa kimono chake. Wanawake walisoma tarehe, mmoja akasema masikini hakutimiza hata sitini, wakaanza kuongelea bei ya mkaa wa mwaka huu. Mlinzi alilisoma shairi kwa sauti, akacheka, akajikohoza. Wazee watatu, watu ambao maisha yao yote wameishi katikati ya nembo, walizitazama karatasi zao kwa muda ambao adabu inautaka, wakainama, wakashuka ngazi.

Hakuna aliyeiinamisha. Mwanzoni moyo ulitulia. Kisha nikaanza kuwatazama migongo wakiondoka, nikaona hasira inanipanda. Nilitaka mmoja tu arudi. Nilitaka mmoja tu anishike kifua aniambie, wewe mzee mpumbavu, umemfanya nini mwenzetu. Njia ya hekaluni ikabaki tupu, na mimi nikabaki na karatasi arobaini na tisa kwenye kitambaa.

Bunta peke yake hakuwa ameondoka. Alikaa kwenye ngazi analia kweli kweli, makamasi yanamtoka, picha kailaza magotini. Sikuweza kuvumilia. Nikamchukulia ile karatasi, nikaishika kwenye jua, nikaiinamisha mbele ya macho yake.

"Tazama hapa, kifuani."

Akapangusa macho, akasogeza uso.

"Bukini," akasema. "Si ya bwana mkubwa Kinsho hii?"

"Ni ya Kinsho. Nimekosea mimi. Kibao kilikuwa chake, nikakichapa bila kufikiri."

Akaweka kidole chake kinene juu ya uvimbe ule, akaufuata duara zima. Nikasimama wima nikingoja, maana huyu kama angenipiga ilikuwa haki yake.

"Na yake ilikuwa ipi, mzee?"

Hakuniuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Miaka kumi na mmoja amenishika kiuno," akasema. "Tulikuwa tunapumua pamoja mle ndani. Farasi hana nembo, mzee. Sijawahi kuiona."

Nikafungua mdomo nimjibu. Niliuona uso uliokunjwa, niliuona upanga na wekundu chini ya macho, nikakumbuka hata harufu ya gundi ya mwaka ule, iliyokuwa imechacha. Nembo ilikuwa kwenye mikono yote miwili ya vazi, hilo nina hakika. Ilikuwa na majani. Au manyoya ya mshale. Duara lilikuwapo, au ndiyo hii ya Kinsho iliyoniganda machoni? Niliikandamiza mara elfu mbili kwa mikono hii, na miaka minane mwenyewe alisimama nyuma yangu kila siku, nikimwambia aniondokee mwanga, na sikuwahi kumuuliza.

Bunta alikuwa bado ananitazama kutoka chini, kwa heshima, anasubiri.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Hapo ndipo nilipolia. Alinisogezea nafasi kwenye ngazi, nikakaa. Tukaanza na majani, mimi nikichora kwa kidole kwenye vumbi, yeye akitikisa kichwa kwamba hajui, mpaka mtawa aliporudi kutoka kwenye msiba wake wa pili akatuomba tupishe afunge mlango.